Kabula, Kitabu Kimetoka Mitamboni

Kabula,

Kitabu kimefika. Nimekisoma chote, sikukungoja. Ungetaka ungojwe usingekufa.

Padri anasema marehemu hawahitaji barua, wanahitaji sala. Lakini wewe hukubatizwa, na kwenu Wasukuma wafu hupewa habari zote, hata za ng'ombe aliyezaa. Kwa hiyo nimeona nikuandikie, na kama ni kosa, basi liwe kosa la kwenu. Shikamoo sikupi. Tulikuwa rika moja, ingawa ulijidai umenizidi ili upewe kibuyu kwanza penye pombe.

Nianze na habari za hapa, maana najua utauliza. Vita imekwisha. Nduli amekimbia nchi yake, na vijana wetu wanarudi, si wote. Malori yameanza kuonekana tena barabarani. Chumvi ipo, sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai na nguo zinatoka na rangi ya mpapai. Mwenyekiti wa kijiji ni yule yule, kazi yake ni kuitisha mikutano na kunenepa. Ng'ombe wako mwenye baka la usoni amezaa. Ni dume. Pole. Mumeo Baba Shija hajaoa, lakini ameanza kupaka mafuta miguuni, kwa hiyo nisikudanganye.

Mzee Filbert, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, bado anafuga mbuzi wasiofungwa. Walikuwa wanapita juu ya kaburi lako kama wanapita uwanjani. Hilo nitalisema mbele.

Kwanza kitabu.

Unakumbuka kilivyotuingia. Operesheni ya vijiji ilikuwa imetutoa kwenye miji yetu na kutushusha hapa Kaniha, nyumba kwa mstari kama meno ya kitana. Mimi mtu wa Murukulazo, niliyekuja huku kwa kuolewa, nikajikuta naamka kila asubuhi na kuona mgongo wa nyumba ya Msukuma. Ulikuja na ng'ombe zako na kelele zako. Nikakuambia, "Mtani, hapa hatuli maziwa na nzi." Ukanijibu, "Mhangaza, na sisi hatuli ndizi asubuhi, mchana na jioni mpaka tuanze kupinda kama ndizi." Toka siku hiyo nikajua kwamba nimepata mtu.

Halafu kikaja kisomo cha watu wazima, kwenye ghala la pamba. Mwalimu Anastazia, binti wa darasa la saba mwenye sauti ya kengele ya mbuzi, akatufungulia sanduku la vitabu lililotoka wilayani. Pamba bora. Migomba bora. Choo bora. Kila kitu bora isipokuwa sisi. Na chini kabisa ya sanduku, nani aliviweka hatukujua, vilikuwepo vitabu viwili vya hadithi za mambo ambayo bado hayajatokea. Kimoja kilikuwa Chombo cha Nyota ya Kijani, kingine Kinu Kilichogoma.

Anastazia akaanza na cha nyota. Akasoma: "Siku hiyo watu wote walikusanywa. Waliambiwa wabebe walichoweza. Chombo kiliwapeleka kwenye nyota ya kijani, ambako kila familia ilionyeshwa nyumba yake kwenye mstari."

Hakuna aliyecheka. Nani angecheka? Mpaka siku hiyo karatasi ilikuwa imetuletea maneno ya aina mbili tu, ya Mungu kanisani na ya serikali ofisini. Haya hayakuwa ya Mungu. Mzee Filbert akanyoosha mkono, akauliza, "Mwalimu, nyota hiyo iko wilaya gani?"

Mtoto wa watu akajibu, "Iko mbali sana, mzee."

Basi. Filbert alikwenda nyumbani akachinja mbuzi wake, kwamba safari hii hamwachii mtu. Wakati wa Operesheni aliwaacha, akarudi kuwafuata akakuta mifupa. Tulikula nyama kijiji kizima, wengine tukiwa na huzuni ya kuhama na mafuta mdomoni. Baba Shija naye akaenda ofisini kuuliza nyota inaruhusu ng'ombe wangapi kwa kaya. Mwenyekiti ikabidi aitishe mkutano. Akasimama, akakohoa, akasema, "Ndugu wananchi, kwa sasa hakuna mpango wa nyota."

Ukanigonga kiwiko. "Umemsikia? Kwa sasa!"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Baadaye tukiwa njiani ukasema, "Koleta, huyu aliyeandika alikuwa kwenye lori letu." Nikakuambia huyo mtu anakaa mjini, anavaa viatu. Ukasema, "Alikuwepo. Amejuaje kwamba yule bibi wa kitabuni alitazama nyuma akakuta vumbi tu?"

Hapo ndipo ulipompenda yule mwandishi, ukampa jina Mzee wa Nyota, maana jalada lilikuwa limeraruka na jina lake limekwenda na nusu ya jalada. Ilibaki picha yake nyuma, miwani na shingo nyembamba. Ukasema ana uso wa mtu asiyeshiba kwa sababu ya kuwawazia wengine. Mimi nikasema ana uso wa mtu mwenye minyoo.

Na mimi nikachukua wangu, Bwana Vyuma, aliyeandika Kinu Kilichogoma. Sitaacha kumsifu kwa sababu wewe umekufa. Kile ni kitabu. Kinu cha kijiji kinapata akili, kinakataa kumsagia mtu yeyote mpaka aseme ukweli wa siku yake. Wanaume wanalala njaa. Mwisho wanawake wanachoka, wanakifungua kwa mchi, wanakuta ndani mna kikombe cha mafuta na kipande cha kioo, basi. Hakuna kurembua macho kutazama mbingu. Kitu kimeharibika, mtu anakifungua. Ndiyo maisha.

Wewe ukadai hicho si kitabu bali ni umbea wenye skrubu. Tulibishana tukipukuchua mahindi, tulibishana kisimani, tulibishana mpaka wale waliotusikia wakachukua pande. Filbert alikuwa upande wangu, kwa hofu tu, maana kinu kipo hapa hapa duniani na hakimhamishi mtu. Mwalimu Anastazia alikuwa upande wako, lakini yeye alikuwa na miaka ya kupenda. Mumeo alisema waandishi wote wawili hawajui kitu kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyeweka ng'ombe.

Hilo lilikuuma. Watu wanapelekwa nyotani na hakuna ng'ombe hata mmoja? Ukamtetea: "Atawaweka kitabu cha pili. Kwanza anapanga watu."

Maana ukurasa wa mwisho palikuwa pamechapwa: Sehemu ya pili iko mitamboni. Mwalimu akatueleza kwamba mitambo ni mashine za kuchapa. Kila siku ya soko ukawa unamuuliza mwenye lori la bidhaa: "Mitambo imekwama wapi? Wanahitaji unga?" Ulikuwa tayari kuwapelekea unga, Kabula. Kwa ajili ya mtu mwenye shingo ya kuku.

Lakini hukungoja ng'ombe tu. Nilikuwa najua, na wewe ulikuwa unajua kwamba najua. Kitabu cha kwanza kinaisha bibi yule akimuuliza dereva wa chombo, "Tutarudi?" na dereva anaangalia saa yake, hajibu. Wewe ulisema watarudi. Mimi nilisema hawarudi. Ulisema haiwezekani, mtu ameacha makaburi kule. Nikasema makaburi hayana miguu, na serikali haina kinyumenyume. Ukaninunia siku nzima, ukanibamizia mlango wa nyuma. Kesho yake ukaja kuomba moto kana kwamba hakuna kilichotokea, ukasema huku umeinama jikoni kwangu, "Watarudi. Wewe kaa na kinu chako."

Kule kwenye mji wako wa zamani, ng'ambo ya kijito, ulimwacha mama yako na watoto wako wale wa kwanza ambao hawakukua. Uliniambia mara moja tu. Hukulia, na mimi sikukupa pole ndefu, maana ulikuwa unachambua maharage na ungeyamwaga. Ulisema tu, "Siku yangu wanipeleke kule."

Sasa sikiliza, nikuambie ilivyokuwa, maana siku zile ulikuwa huna akili zako.

Vita ilipoanza, malori yote yalichukuliwa kubeba askari. Yalipita hapa yakiimba. Lori la bidhaa likaenda, gari la vitabu likaenda, Anastazia akaenda kusaidia majeruhi, kisomo kikafungwa, ghala likawekwa magunia ya mahindi ya jeshi. Tukaambiwa tusiwashe moto nje usiku. Wewe ukaanza kuumwa tumbo. Nikakuambia nenda hospitali, ukasema utakwenda magari yakirudi. Ubishi wako huo. Ukawa unaumwa na huku unauliza kama mitambo nayo imekwenda vitani. Siku ya mwisho uliniuliza tena. Nikakuambia ndiyo, inachapa mabomu. Ulicheka kidogo, kwa pua. Ndicho kicheko chako cha mwisho na nilikitoa mimi, wala si Mzee wa Nyota.

Ulipokufa nilikwenda ofisini mwenyewe na kanga yangu ya kanisani. Nikamwambia mwenyekiti kwamba marehemu alitaka kuzikwa kwenye mji wake wa zamani. Akasema lori hakuna. Nikasema mabega yapo. Akasema kule sasa ni pori na kijiji hakizikii porini, wafu nao ni wa kijiji. Shija, mwanao mkubwa, alikuwa amesimama pale anakunja kofia. Nilimtazama aseme. Hakusema. Usimlaumu sana, alikuwa anangoja kuitwa jeshini na alikuwa anamwogopa kila mwenye kalamu. Wakakuzika nyuma ya nyumba, sambamba na wengine. Hata kaburi lako liko kwenye mstari, Kabula. Ukitoka kwangu unakwenda moja kwa moja, hupindi popote.

Siku za msiba hatukushika jembe, kama inavyotakiwa. Halafu tukashika.

Anastazia amerudi mwezi uliopita, amepanda lori la mbao kutoka Biharamulo mjini. Amekonda na sauti imeshuka, haina tena kengele. Alipofika kwangu hakusalimu, alifungua kitambaa akanitolea kitabu. Jalada zima, halijararuka. Nyota ya Kijani, Sehemu ya Pili. Alikuwa amekikuta kwenye sanduku jipya la wilayani. Akasema, "Bibi, nilikiazima kwa jina la kijiji. Anza wewe." Nikamwambia mimi ni wa Bwana Vyuma. Akasema, "Najua. Lakini yeye hayupo."

Basi nikasoma. Kisomo kilipofungwa mimi sikufunga, nilikuwa nasoma hata karatasi ya kufungia chumvi. Nilikaa mlangoni siku mbili na mtu akinisalimu nikawa naitikia kwa kidole.

Habari zenyewe ni hizi. Watu wameshakaa nyotani, wamezaa. Watoto wa kule hawaijui dunia. Wakiambiwa nyumbani, wanaonyesha nyumba ya bati ya kijani. Na ng'ombe yupo, Kabula! Ulisema atamweka na amemweka. Lakini ni mmoja, na ni wa kuchorwa. Yule bibi anamchora ukutani kwa mkaa ili watoto wamwone, na mtoto mmoja anauliza, "Bibi, hiki unakiwashia wapi?" Hapo nilifunga kitabu nikaenda kuchota maji, ingawa maji yalikuwepo. Nilikuwa nimemsikia mjukuu wako Minza asubuhi ile ile. Nilimuuliza kama anajua kwa bibi yake. Akanionyesha kaburi. Nikasema, na kabla ya hapo? Akasema, "Kule porini?"

Nikarudi nikamalizia. Ukurasa wa mwisho chombo kimetengenezwa. Kimesimama uwanjani, mlango wazi. Dereva, safari hii anajibu, anasema anayetaka kurudi apande. Watoto wamemshika bibi nguo. Bibi anaweka mguu kwenye ngazi. Anatazama nyuma.

Kwisha.

Kwisha, Kabula! Hakuna neno. Hakuna hata mitamboni. Chini ni karatasi nyeupe tupu, na nyuma ni yule yule wa shingo nyembamba anatutazama kwa miwani. Miaka yote ile, unga wako uliotaka kuwapelekea, ubishi wote ule, halafu mtu mzima anaacha mwanamke na mguu mmoja juu ya ngazi. Bwana Vyuma asingefanya upuuzi huo. Bwana Vyuma angempandisha au angemshusha, na angetueleza ngazi imetengenezwa kwa nini. Nilimtukana yule mtu kwa Kihangaza mpaka Filbert akaja kuuliza nani amekufa. Nikamwambia, "Kabula." Akasema, "Tena?"

Na huku nikamwona mbuzi wake amesimama kifuani kwako, anatafuna.

Hapo nilichoka. Kaburi linataka kuzungushiwa ua, na ua wa Msukuma ni minyaa, sote tunajua, na hapa kijijini hakuna minyaa kwa sababu hakuna aliyepanda kitu cha kudumu. Asubuhi nikachukua panga nikavuka kijito. Sikwenda kwa ajili ya kitabu, usijipe kichwa. Nilikwenda kwa ajili ya mbuzi.

Njia imefungwa na nyasi, nikapita kwa kukumbuka ulivyonielekeza. Nyumba hazipo. Zizi halipo. Lakini ua wako upo, Kabula. Hakuna aliyekuwa akiupunguza, ukakua, umekuwa miti mirefu kuliko nyumba, umefunga duara zima, kijani tupu, na katikati hamna mtu. Unaingilia pale pale ulipokuwa mlango. Ndani kuna kimya cha watu waliotoka kidogo. Makaburi nimeyaona, mawe yapo. Nikawasalimu kwa niaba yako, kwa Kisukuma chako kibovu ulichonifundisha. Kama nimewatukana ni wewe.

Nikakata matawi. Utomvu wa mnyaa unajua ulivyo. Umenirukia machoni. Nililia njia nzima mpaka kijitoni, na nyumbani mke wa mwanangu akaniosha kwa maziwa ya kifuani mwake, na jicho lilivimba siku kadhaa. Nakuandikia hili ili usije ukasikia kwa wengine kwamba Koleta alionekana analia barabarani na furushi kichwani. Ulikuwa utomvu.

Nimeyapanda kukuzunguka. Mvua imeanza, yameshika yote. Sikufuata mstari. Nimeweka duara, limeingia kidogo barabarani, na mwenyekiti akija kupima atanikuta.

Jioni ile, jicho moja limefumba, nikachukua kalamu ya Anastazia, nikafungua ule ukurasa mweupe. Mwandiko wangu unaujua, ni kama kuku kapita. Nikaandika: AKAPANDA. WALIRUDI. Basi, hayo tu. Sikuweka jina langu. Bado nasema hawarudi, na nikikutana na Mzee wa Nyota nitamwambia hivyo hivyo usoni. Lakini nilikuwa siwezi kumwacha mwanamke wa watu anasimama pale.

Nikarudisha kitabu kwenye sanduku la kisomo, sikumwambia mtu.

Kilichofuata utakipenda. Aliyekichukua baada yangu ni Mzee Filbert. Anasoma polepole, anatembeza kidole kama anatafuta chawa, lakini safari hii alifika mwisho. Na unamjua, kwake kilichoandikwa kimeandikwa. Jana alivaa koti lake, akaenda ofisini, akakuta watu wamejaa wanangoja mgao wa sabuni ambayo haikuja. Akaweka kitabu mezani, akafunua ukurasa, akasema, "Mwenyekiti, imeandikwa watu walirudi. Nimekuja kuuliza sisi zamu yetu ni lini."

Nimeambiwa yote na waliokuwepo. Mumeo alikuwepo, alivua kofia. Shija wako naye alikuwepo, na safari hii alisema. Alisema, "Mwenyekiti, hata mimi nilitaka kuuliza."

Mwenyekiti akautazama ukurasa. Akaugeuza, akautazama tena, akatafuta muhuri, hakuuona. Akakohoa.

"Ndugu wananchi," akasema, "kwa sasa hakuna mpango huo."

Kwa sasa, Kabula. Umemsikia?

Niliposimuliwa, nilikosa mtu wa kumgonga kiwiko.

Leo asubuhi Filbert amefunga mbuzi wake kwa kamba, mara ya kwanza tangu nimjue. Anasema hataki wapotee, huenda wakahitajika safarini.

Barua hii naizika chini ya mnyaa ulio kichwani pako, uisome au uwape wadudu. Nakuahidi kitu kimoja, na mimi si mtu wa kuahidi: duara hili sitaacha mtu alikate kulinyoosha. Nikifa, nimeshamwambia Minza. Nimempeleka ng'ambo ya kijito, akasimama pale ulipokuwa mlango, akauliza kama anaweza kuingia. Nikamwambia ingia, kwenu hapo.

Kaa salama, mtani. Bwana Vyuma bado ni bora kuliko wako.

Koleta